PRP, PRF na jeli ya plazma: namna ya kulinganisha na kuchagua tiba ya damu yako kwa ngozi na nywele

Ukiingia kliniki ya ngozi Kampala ukaeleza kwamba nywele zinapungua utosini, au kwamba mashimo ya chunusi yamegoma kutoka mashavuni, huenda ukaambiwa utolewe damu, izungushwe kwenye mashine, kisha urudishiwe sehemu yake kwa sindano. Utatajiwa majina mengi: PRP, PRF, PRGF, jeli ya plazma. Majina haya yanauza, ila hayakuelezi unachonunua. Kliniki mbili zinaweza kutumia jina moja na kukudunga vitu viwili tofauti kabisa. Kinachoamua ni kiasi cha damu kilichotolewa, aina ya tyubu, nguvu ya mzunguko, na kilichopatikana mwishoni. Na kabla ya hayo yote kuna ugonjwa wenyewe. Kama tatizo la kichwa chako halijatambuliwa sawasawa, tyubu nzuri haitakusaidia.

Kinachotafutwa ndani ya damu

Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli, vyenye upana wa maikromita 2 hadi 3, ambavyo kazi yake inayojulikana ni kugandisha damu. Ndani yake kuna vifuko vilivyojaa vichocheo vya ukuaji. Chembe hizi zinapoguswa na jeraha, hupasua vifuko hivyo na kuita seli za ukarabati: mishipa midogo ya damu huota, seli zinazotengeneza kolajeni huamka, na kinyweleo kilicholala huweza kurudi katika kipindi cha kukuza unywele. Tiba zote tunazozilinganisha hapa zinajaribu kukusanya chembe hizo na kuzipeleka mahali zinapohitajika.

Damu ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida ina chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita. Kwetu Afrika Mashariki si ajabu kumkuta mtu mzima asiye na ugonjwa wowote akiwa karibu na 150,000. Kumbuka takwimu hiyo, kwa sababu hesabu ya dozi huanzia hapo.

Tofauti za kweli kati ya tiba hizi

PRP ni plazma, yaani maji ya manjano ya damu, iliyojazwa chembe sahani. Damu hutolewa ndani ya tyubu yenye dawa ya kuizuia isigande, mara nyingi sitreti. Ikizungushwa, chembe nyekundu huzama chini, plazma ya manjano hubaki juu, na katikati hutokea utando mwembamba mweupe wenye chembe sahani na chembe nyeupe. Njia iliyozoeleka ni mizunguko miwili: wa kwanza wa polepole kutenga chembe nyekundu, wa pili wenye nguvu zaidi kushusha chembe sahani chini ya plazma. Kisha sehemu ya juu ya plazma, iliyo maskini wa chembe, huondolewa, na kinachobaki chini huchanganywa taratibu na kutumika. Faida kubwa ya PRP ni muda. Kwa kuwa haigandi, daktari anaweza kudunga kichwa kizima bila haraka. Kasoro yake ni kwamba vichocheo vingi hutoka mapema, katika saa za kwanza baada ya chembe kuamshwa.

Ndani ya PRP kuna aina mbili unazopaswa kuzitofautisha: yenye chembe nyeupe nyingi na yenye chembe nyeupe chache. Chembe nyeupe huleta mwasho na uvimbe zaidi. Kwa ngozi nyeusi hilo si jambo dogo, kwa sababu mwasho wowote usoni unaweza kuacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi. Kwa uso tunapendelea PRP yenye chembe nyeupe chache, ya manjano safi isiyo na wekundu. Kwa kichwa, ubishi kati ya wataalamu bado haujaisha, na aina zote mbili zinatumika.

PRGF, yaani plazma iliyojazwa vichocheo vya ukuaji, ni ndugu wa PRP. Ilianzishwa Hispania mwishoni mwa miaka ya 1990. Huzungushwa mara moja, chembe nyeupe huachwa kabisa, na kabla ya kudunga huongezwa kalisiamu kloraidi ili kuamsha chembe. Mkusanyiko wake ni mdogo, kama mara mbili ya damu ya kawaida, lakini ni tulivu kwa ngozi.

PRF, yaani faibrini (protini ya nyuzi inayogandisha damu) iliyojazwa chembe sahani, ilitoka Ufaransa mwaka 2001, mikononi mwa daktari Joseph Choukroun. Hapa hakuna dawa ya kuzuia kuganda. Damu huingia kwenye tyubu tupu na kuzungushwa papo hapo, kabla haijaganda. PRF ya awali ni donge la utando, zuri kwa madaktari wa meno na kwa vidonda, lakini haliwezi kupita kwenye sindano nyembamba. Kwa ngozi na nywele hutumika PRF ya maji, inayozungushwa polepole sana: utaratibu uliozoeleka ni mizunguko 700 kwa dakika kwa dakika 3, ndani ya tyubu ya plastiki. Ikishadungwa, hutengeneza wavu wa faibrini chini ya ngozi, na wavu huo huachia vichocheo polepole kwa siku kadhaa, hadi takriban siku 10. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaoipendelea, na ni hoja ya kweli.

Tatizo la PRF ni saa. Tangu damu itoke mkononi, una sekunde 60 hadi 90 za kuifikisha kwenye mashine, na baada ya kuzungushwa una kama dakika 10 hadi 15 kabla haijaganda ndani ya bomba la sindano. Kichwa kinachohitaji kudungwa mahali 80 au 100 hakimaliziki kirahisi ndani ya muda huo. Joto nalo huharakisha kuganda, kwa hiyo chumba kisicho na feni alasiri ya Februari kinakupunguzia hata dakika hizo. Mhudumu akianza kusukuma bomba kwa nguvu kwa sababu sindano imeziba, ujue tayari amechelewa. Kwa hiyo PRF tunaiona bora zaidi kwa sehemu ndogo, kama chini ya macho, makovu machache au pembe mbili za paji la uso, na PRP kwa kichwa kizima.

Jeli ya plazma ni jambo lingine kabisa, ingawa huwekwa rafu moja na hizo. Plazma maskini wa chembe hupashwa moto wa takriban nyuzi 75 kwa dakika 10 hivi, protini yake ikaganda kuwa jeli, ikapozwa, na mara nyingi ikachanganywa na PRF ya maji. Hutumika kujaza mifereji ya kando ya mdomo na mashimo chini ya macho, na hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache. Watu huidhania salama kabisa kwa kuwa ni ya mwili wao. Lakini ni kijazio. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuuziba, na kimeng'enya kinachotumika kuyeyusha vijazio vya asidi ya haluroni hakiiyeyushi jeli hii. Anayekudunga lazima ajue ramani ya mishipa ya uso kama anavyojua njia ya kwake.

Utatangaziwa pia eksosomu, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, mara nyingine kwa maneno kwamba ndizo PRP ya kisasa. Hazitoki kwenye damu yako. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma kuhusu bidhaa hizo Desemba 2019, na haijaidhinisha hata moja. Usikubali kudungwa.

Piga hesabu ya dozi kabla ya kulipa

Hapa ndipo wateja wengi hupunjwa, na hesabu yenyewe ni ya darasa la msingi.

Chukua mtu mwenye chembe 200,000 kwa maikrolita. Akitolewa damu mililita 10, ndani yake kuna chembe bilioni 2. Hakuna mashine inayozipata zote, kwa hiyo tuseme zimepatikana asilimia 60, yaani bilioni 1.2. Kichwa chenye upara wa kati kinahitaji mililita 5 hivi za kudunga. Ukizitawanya chembe bilioni 1.2 ndani ya mililita 5, unapata 240,000 kwa maikrolita. Hiyo haijapita mbali damu yake ya kawaida. Amelipia plazma tu.

Sasa mtoe mililita 30. Zina chembe bilioni 6. Asilimia 60 ni bilioni 3.6, na ndani ya mililita 5 unapata 720,000 kwa maikrolita, yaani mara 3.6 ya kiwango chake. Wataalamu wengi hulenga mara 3 hadi 5, na takwimu inayotajwa sana kama lengo ni 1,000,000 kwa maikrolita. Mtu mwenye chembe 150,000 atahitaji damu zaidi ili kufika hapo.

Kwa hiyo muulize mhudumu maswali manne: Mtanitoa damu mililita ngapi? Mtapata PRP mililita ngapi? Mnazungusha mara ngapi? Mmewahi kuhesabu chembe zilizomo? Mashine ileile ya maabara inayopima CBC, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, inaweza kuhesabu chembe za PRP ikichanganywa vizuri na kuzimuliwa inapobidi. Kliniki makini huwa imefanya hivyo angalau wakati wa kupanga mtambo wake. Anayejibu kwa kuonyesha rangi nzuri ya plazma bado hajajibu. Plazma maskini nayo ni ya manjano, tena inang'aa zaidi.

Tyubu zenye jeli ya kutenganisha, zinazozungushwa mara moja tu, ni rahisi na safi, lakini nyingi hufikisha mara 1.5 hadi 2 pekee. Si ubaya kwa uso. Kwa upara, uliza zitatumika tyubu ngapi.

Tyubu na mashine

Tyubu za vipimo vya maabara hazikutengenezwa ili kilichomo kirudi mwilini. Ile ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ambayo huharibu umbo la chembe sahani. Ya kifuniko cha dhahabu au njano ya kupimia seramu ina jeli na vumbi la silika la kuharakisha kuganda. Nyekundu ya plastiki nayo mara nyingi ina kichocheo hicho hicho. Mhudumu anayechukua tyubu hizi kutoka kwenye kisanduku cha maabara ili akudunge kilichomo anaokoa shilingi chache kwa kuuhatarisha mwili wako. Tyubu inayofaa imeandikwa kwamba ni ya kuandaa PRP au PRF, ni tasa, ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na hufunguliwa mbele yako. Omba uisome.

Kuhusu mashine, usiridhike na jibu la mizunguko kwa dakika. Nguvu halisi inayobana damu hutegemea pia urefu wa mkono wa mashine, yaani umbali kutoka katikati yake hadi ncha ya tyubu. Kanuni ni hii: zidisha urefu wa mkono kwa sentimita, mara kasi, mara kasi tena, kisha mara 0.00001118. Mashine yenye mkono wa sentimita 10 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa nguvu ya takriban 250 g, yaani mara 250 ya mvutano wa dunia. Yenye mkono wa sentimita 16 kwa kasi hiyohiyo hutoa takriban 400 g. Mhudumu aliyenakili kasi kutoka video ya mtu mwenye mashine tofauti atapata kitu tofauti. Kwa PRP ya mizunguko miwili, mzunguko wa kwanza kwa kawaida huwa kati ya 150 na 250 g kwa dakika 10, na wa pili 400 hadi 700 g kwa dakika 10.

Makosa ya kawaida hapa yanaonekana kwa macho:

- Plazma ikiwa ya waridi au nyekundu, chembe nyekundu zimepasuka. Sababu ni sindano nyembamba mno, kuvuta bomba kwa nguvu, au kutikisa tyubu badala ya kuipindua taratibu mara 5 hadi 8. Isitumike usoni.
- Plazma ikiwa nyeupe kama maziwa, mteja amekula mafuta mengi kabla ya kuja. Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, njiani inatosha.
- Tabaka zikiwa hazina mpaka, mashine imefunga breki ghafla au umeme umekatika katikati ya mzunguko. Kliniki isiyo na inveta au jenereta ya kushika mara moja haifai kwa PRF hasa, kwa sababu damu haisubiri umeme urudi.
- Vinyuzi vyeupe ndani ya tyubu ya PRP ni dalili kwamba damu ilianza kuganda kabla ya kukutana na sitreti.

Nywele: kwanza lijue jina la ugonjwa

Ushahidi mzuri zaidi wa PRP kwa nywele uko kwenye upara wa kurithi, wa wanaume na wa wanawake. Hata hapo matokeo ni ya wastani: nywele zilizokonda hunenepa na idadi kwa kila sentimita ya mraba huongezeka, lakini utosi uliokuwa mtupu na kung'aa kwa miaka hauoti upya. PRP pamoja na minoksidili, dawa ya kupaka ya kukuza nywele, hufanya vizuri kuliko moja peke yake. Kwa hiyo kliniki inayokuambia uache minoksidili ya asilimia 5 ili ufanyiwe PRP inakurudisha nyuma.

Kwa wanawake wetu kuna magonjwa mawili yanayofanana na upara wa kawaida kwa mtazamo wa haraka. La kwanza ni kunyonyoka kwa pembe za paji la uso kutokana na kuvutwa: rasta nzito, nywele bandia (weave) zilizoshonwa kwa kubana, mkia uliofungwa kila siku. Mapema, kabla kovu halijaingia, kuacha kuvuta ndiyo dawa, na PRP inaweza kusaidia. Ukiendelea kusuka vilevile, kila sindano ni fedha inayomwagwa. La pili huanzia utosini na kutambaa kuelekea pembeni, mara nyingi na mwasho au maumivu, na ngozi hubaki laini bila matundu ya vinyweleo. Huo ni upara wa makovu. Hapa uvimbe lazima uzimwe kwanza kwa dawa, na mara nyingi daktari wa ngozi atakata kipande kidogo cha ngozi cha milimita 4 kupeleka maabara. Kudunga PRP kichwa cha namna hii bila kujua ni kupoteza miezi ambayo vinyweleo vilivyobaki vingeokolewa.

Kisha kuna kupukutika kwa nywele kote kichwani miezi 2 au 3 baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au kupungua uzito ghafla. Hali hii kwa kawaida hurekebika yenyewe. Pima feritini (akiba ya madini ya chuma), tezi ya shingo na wekundu wa damu (himoglobini) kabla ya kufikiria sindano. Mtoto au kijana mwenye viraka vyenye magamba huenda ana mapunye, yanayotibiwa kwa dawa ya fangasi ya kumeza.

Utaratibu wa kawaida kwa upara wa kurithi ni vikao 3, kimoja kila mwezi, kisha kimoja kila miezi 4 hadi 6. Kila kikao, mililita 4 hadi 8 hudungwa kwa sindano nyembamba ya geji 30, kila sentimita moja, tone la mililita 0.05 hadi 0.1 kila mahali. Panauma. Daktari mzuri hufunga neva za paji la uso na kisogo kwa lignokaini, dawa ya ganzi, kwanza, na hajaribu kukushawishi uvumilie. Kalisiamu ya kuamsha chembe si lazima kichwani, kwani kolajeni ya ngozi yenyewe huziamsha, na kalisiamu huongeza mchomo.

Ngozi: makovu, mifereji na madoa

Kwa mashimo ya chunusi, PRP hufanya kazi vizuri zaidi ikiambatana na mashine ya vijisindano. Vijisindano hufungua njia, plazma huingia. Kwa ngozi nyeusi njia hii ina hatari ndogo ya madoa kuliko leza zinazochubua tabaka la juu, na ndiyo sababu tunaipendekeza mbele ya leza hizo. Kina kinachotumika ni milimita 0.5 hadi 1.0 kwenye paji la uso, ambako mfupa uko karibu, na 1.5 hadi 2.0 mashavuni penye makovu. Kichwa cha vijisindano ni cha kutumia mara moja na kutupwa. Dalili ya kutosha ni vitone vidogo vya damu. Uso uliolowa damu unamaanisha mhudumu amezidisha. Vikao 3 vya kila baada ya wiki 4 ndivyo vya kuanzia. Makovu membamba yenye kina kama yaliyotobolewa na msumari hayajibu vizuri na huhitaji mbinu nyingine kwanza.

Chunusi zinazowaka sasa zisipitishiwe vijisindano, kwa sababu utasambaza usaha uso mzima. Zitulize kwanza.

Kwa melasma, yaani madoa ya kahawia yanayotanda usoni, usitegemee PRP kama tiba kuu. Krimu ya kujikinga na jua ya SPF 30 au zaidi, ikipakwa kila asubuhi, itakufaa zaidi ya vikao vitatu vya sindano. Na kama umekuwa ukitumia mkorogo au krimu yenye steroidi, sema waziwazi. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi hutoboka vibaya na hupona polepole, kwa hiyo inapaswa kupumzishwa miezi kadhaa chini ya uangalizi kabla ya kuguswa.

Kuhusu sindano ya PRP katikati ya nyusi: yapo matukio yaliyoripotiwa ya watu kupoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa hapo, mshipa ulipoziba. Paguswe na daktari tu, tena anayejua la kufanya dakika ya kwanza.

Nani asubiri, na namna ya kujiandaa

Fanya CBC ndani ya wiki moja kabla ya kikao. Wengi hushauri kutoendelea ikiwa chembe sahani ziko chini ya 100,000 au wekundu wa damu chini ya gramu 10 kwa desilita. Malaria hushusha chembe sahani, mara nyingine kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo ukiwa umetoka kuugua, maliza dawa, subiri wiki 2 au 3, kisha pima tena. Mgonjwa wa selimundu, ambaye wekundu wake wa damu tayari uko chini, asitolewe mililita 30 au 60 kwa ajili ya urembo bila kauli ya daktari wake. Wengine wa kusubiri au kuacha ni wenye saratani inayoendelea, wajawazito, wenye maambukizi mahali pa kudungwa, na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu. Ukiwa na historia ya makovu ya kuvimba kifuani, masikioni au mabegani, mwambie daktari kabla ya vijisindano kugusa uso. Aliyewahi kupata vidonda vya homa mdomoni anaweza kuandikiwa asaikloviri, dawa ya kuzuia virusi hivyo, ya kutangulia.

Siku 7 kabla, acha aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu huzuia chembe sahani kufanya kazi. Diklofenaki huuzwa kila kona na watu huimeza bila kuihesabu kuwa dawa. Lakini kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila ruhusa ya aliyekuandikia. Maumivu yakija, tumia parasetamoli. Usivute sigara, kunywa maji ya kutosha usiku na asubuhi ili mshipa upatikane, na kula chakula chepesi kisicho na mafuta. Fumua rasta siku mbili kabla na uoshe kichwa.

Siku yenyewe, angalia tyubu yako

Mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, ilianza kubainika kwamba wanawake walikuwa wameambukizwa VVU baada ya kufanyiwa PRP ya uso kwa vijisindano katika saluni isiyo na leseni. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha uchunguzi huo Aprili 2024. Damu yako haina hatari kwako. Hatari ni damu ya mwingine iliyobaki kwenye kifaa, au tyubu zilizobadilishana.

Kwa hiyo tazama. Tyubu iandikwe jina lako na saa mbele yako, kabla damu haijaingia. Ndani ya mashine kuwe na damu yako peke yake, na upande wa pili tyubu ya maji ya kusawazisha uzito. Mashine ikisimama, soma jina tena kwa sauti kabla tyubu haijafunguliwa. Sindano, bomba na kichwa cha vijisindano vitolewe kwenye pakiti zilizofungwa. Rola ya vijisindano inayooshwa kwa spiriti na kurudishwa droo ni sababu ya kutosha ya kuinuka na kuondoka.

Krimu ya ganzi hukaa dakika 30 hadi 45 na lazima ifutwe yote kabla ya vijisindano. Klorheksidini, dawa ya kusafishia ngozi, isifike machoni, kwani huunguza mboni.

Kuhusu nani anayekufanyia: daktari yeyote Uganda lazima awe amesajiliwa na Uganda Medical and Dental Practitioners Council na awe na leseni ya mwaka huu. Wauguzi wana baraza lao, Uganda Nurses and Midwives Council. Omba kuiona leseni, na usione haya. Saluni inayosuka vizuri haina ruhusa ya kutoa damu kwa sababu hiyo.

Baada ya kikao

Uvimbe wa paji la uso au kope kwa siku 1 hadi 3 baada ya kudungwa kichwani ni wa kawaida, maji ya plazma yanashuka tu. Usoni utakuwa na joto na wekundu au weusi kidogo kwa siku mbili hivi. Usioshe nywele hadi kesho yake. Usivae helmeti ya boda iliyopita vichwa vingi siku hiyo. Kama huna budi kupanda boda, beba helmeti yako na kitambaa safi cha ndani. Hakuna vipodozi kwa saa 24, hakuna retinoidi (krimu za jamii ya vitamini A) kwa siku 5 hadi 7, hakuna dawa ya kulainisha nywele, rangi, rasta wala nywele bandia kwa wiki 2. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ziendelee kuachwa kwa wiki nyingine.

Maumivu makali yanayoongezeka, ngozi kugeuka nyeupe au zambarau yenye michirizi, au macho kuona ukungu, ni dharura ya dakika hiyohiyo. Rudi kwa daktari, au nenda hospitali kubwa iliyo karibu bila kusubiri asubuhi. Homa, usaha au uvimbe mpya baada ya siku 3 ni dalili za maambukizi.

Piga picha kabla ya kikao cha kwanza, dirisha lilelile, saa ileile, nywele zimegawanywa mahali palepale, na urudie kila mwezi. Nywele huweza kupukutika kidogo wiki za mwanzo, na mabadiliko ya kweli huanza kuonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Bei ipatane kwa vikao vyote vitatu, na iandikwe, pamoja na mililita za damu zitakazotolewa kila mara. Ikifika mwezi wa 6 na picha hazionyeshi tofauti, usinunue kikao cha nne. Mrudie daktari wa ngozi mkaangalie upya utambuzi.